Sijawahi Kumpiga Mtu

Sijawahi kumpiga mtu. Naanza na hilo ili tusipotezeane muda. Tangu nizaliwe, mkono wangu huu haujagusa shavu la binadamu ila kwa kumfuta chozi, na hata mbu huwa nampa nafasi ya kujieleza kwanza. Ukimsikia yeyote anasema vingine, mwulize siku hiyo alikuwa amekaa wapi, na kama jua halikuwa linamchoma machoni.

Naitwa Mbaruku Chande. Nimefika kidato cha nne. Matokeo tuyaache yapumzike, nayo yalichoka. Nilikuwa karani na mpiga kengele wa Idara ya Anwani Safi, katika nchi ambayo sitaitaja jina. Si kwamba naogopa. Jina lake rasmi lina herufi mia moja na kumi na tisa, na sheria tuliyoipitisha wenyewe inaruhusu arobaini. Kengele yenyewe ni ya shaba, nzito kama mtoto wa miezi sita. Tuliichukua kwenye shule iliyofungwa baada ya walimu wake wote kuhamishiwa gerezani. Imebonyea kidogo ukingoni, kwa sababu iliniponyoka ikaanguka ngazini. Nimeshalisema hilo mbele ya tume, na nalisema tena hapa.

Nchi yetu ni ya amani. Amani yetu ni kali sana.

*

Mambo yalianza Jumanne moja saa nne asubuhi, pale Rais wetu, Mheshimiwa Mwenge Usiozimika, alipotaka kuiona hotuba yake mtandaoni. Waziri wa Maneno, Pamfili Kihogo, akamletea simu juu ya sinia. Mabalozi walikuwepo, wanakunywa chai. Rais akaanza kusoma kutoka juu kabisa, kwa kuwa yeye husoma kila kitu kutoka juu, na pale kwenye anwani ya ukurasa akakuta: ukurasa.php?id=88417&aina=3.

"Kihogo," akaita taratibu. "Themanini na nane elfu, mia nne na kumi na saba, ni nani huyu?"

"Ni wewe, Mheshimiwa. Yaani, ni hotuba yako."

"Katika nchi hii, ni watu gani wanaoitwa kwa namba?"

"Wafungwa, Mheshimiwa."

"Na hii alama ya kuuliza iliyo mbele yangu, inaniuliza nini?"

Rais akamzaba kofi. Kofi lilirushwa moja kwa moja na televisheni ya taifa, na mtangazaji akatufafanulia kwamba Mheshimiwa Waziri alikuwa anapokea maelekezo. Jino la Waziri lilipatikana baadaye ndani ya kikombe cha balozi mmoja, ambaye kwa adabu ya kibalozi alikuwa ameshakunywa nusu.

Mchana huohuo Rais akalihutubia taifa. "Ndugu wananchi! Taifa ambalo anwani zake hazisomeki, ni taifa lisilosomeka! Kuanzia leo, kila ukurasa wa mtandao utaitwa kwa kichwa chake, kama mtu anavyoitwa kwa jina lake! Herufi zote ziwe ndogo, maana herufi kubwa nchini ni moja tu, nayo inakaa Ikulu! Alama za kuuliza zifutwe! Alama za mshangao nitazitumia mimi! Panapo nafasi kati ya neno na neno pawekwe kistari, kwa sababu nafasi ikiachwa wazi wapinzani watapita! Anwani isizidi herufi arobaini! Na anwani mbili zisifanane, kamwe!"

Tukapiga makofi hadi viganja vikachubuka. Aliyeacha kwanza alichukuliwa.

*

Idara ikafunguliwa kwenye ghala la zamani la ngozi. Mkurugenzi wetu alikuwa Kanali Mstaafu Hezroni Ngwale, mtu ambaye kompyuta aliwahi kuiona mara moja, akaipiga risasi. Vifaa tulivyopewa ni kompyuta moja na mapanga kumi na mawili. Kompyuta ilikuwa ya Tausi, fundi pekee aliyesomea mambo hayo, dada mwembamba mwenye tabia mbaya ya kusema kweli. Mapanga yalikuwa ya sisi wengine.

Utaratibu wetu ulikuwa safi. Mlangoni tuliweka kibao: LETA KICHWA CHAKO KIKATWE HAPA. Siku tatu za mwanzo hakuja mtu, hatukuelewa kwa nini. Tausi akatushauri tuongeze neno "ukurasa", na watu wakaanza kujipanga, ingawa bado walikuwa wanashika shingo.

Mwananchi anakuja na kichwa cha ukurasa wake kimeandikwa kwenye utepe wa karatasi. Tunautandaza juu ya gogo la bucha lenye mstari mwekundu kwenye herufi ya arobaini. Panga linashuka, chwaa! Kilichobaki Tausi anakiingiza kwenye kompyuta, ambayo kwa mujibu wake ingeweza kukata yenyewe kwa nusu sekunde. Kanali alimwambia kazi isiyotoa jasho si kazi ya serikali.

Siku moja akaja malenga mmoja, Bwana Makame Sharifu, na utepe mrefu kama kilemba: Machozi ya Mjane Aliyeachwa Njia Panda na Dunia Isiyo na Huruma Wala Haya. Mstari mwekundu ukaangukia mbali sana na mwisho. Mzee wa watu akauweka mkono juu ya gogo, kidole chake kikilinda neno moja.

"Kanali, kateni vyote, lakini huruma ibaki."

"Ondoa kidole, mzee."

"Siondoi. Bila huruma hakuna shairi."

Chwaa. Huruma ikaenda, na kidole kikaenda nayo. Damu iliruka hadi kwenye picha ya Rais, na kwa jambo hilo malenga alifunguliwa shtaka lake pekee. Kanali akakiokota kidole kwa ncha za vidole vyake viwili, akakitupa kwenye kopo la vilivyokatwa, pamoja na mikato na nukta. Mie? Mie nilikuwa nimemshika mzee kiganja. Nilikuwa namfariji.

*

Tabu kubwa ikaja pale anwani zilipoanza kufanana. Wachungaji wawili wa makanisa tofauti walifika asubuhi moja, kila mmoja na utepe wake, na zote mbili zimeandikwa Amani Iwe Nanyi. Kanali akakuna kichwa.

"Rahisi tu, Kanali," Tausi akasema. "Wa kwanza anabaki na anwani kama ilivyo. Wa pili tunamwongezea kistari na mbili mwishoni. amani-iwe-nanyi, halafu amani-iwe-nanyi-2. Dunia nzima wanafanya hivyo."

Kanali akaacha kukuna kichwa.

"Wa pili?" Kanali akauliza. "Binti, unamjua mtu yeyote nchi hii aliye wa pili? Makamu wa Rais mwenyewe tulimfuta kwa kosa hilohilo. Nani atakubali kwa hiari yake kutembea na mbili nyuma?"

"Ni namba tu, Kanali."

Tausi alichapwa fimbo kumi na mbili za nyayo, kwa kosa la kuhesabu. Aliyehesabu ni mimi, kwa sauti, na kutoka moja niliruka nikaenda tatu kwa kuheshimu msimamo wa Kanali. Kwa hiyo alipata nafuu ya fimbo moja. Mpaka leo hajanishukuru.

Halafu Kanali akatunga kanuni iliyoifanya idara yetu ijulikane. Kurasa zikifanana anwani, wenyewe watakutana uwanjani nyuma ya ghala, ndani ya mraba wa chokaa. Kengele italia mara moja kuanza na mara moja kumaliza. Atakayemwangusha mwenzake chali anachukua anwani safi. Aliyeanguka atapewa ileile na mbili mwishoni, na mgongoni atachorwa mbili kwa lami ya moto, watu wamjue.

Wachungaji walipigana saa nzima na robo. Yule mfupi alimng'ata mwenzake sikio, yule mrefu akamtwanga na Biblia ya jalada gumu hadi kitabu cha Waebrania kikachomoka. Amani ilipopata mwenyewe, hakuwa na uwezo wa kusimama kuipokea.

Lakini pambano litakalokumbukwa ni la Karibu Kwetu. Kumbe nusu ya nchi ilikuwa na ukurasa wenye kichwa hicho! Walikuja mia tatu na kumi na wawili: wenye hoteli, vinyozi, kwaya, chama cha wafuga nyuki (na nyuki wao), zahanati ya wazazi, na msimamizi wa makaburi ya manispaa aliyekuja na sepetu. Nilipiga kengele, nikapanda juu ya paa. Nilichokiona kule chini sikisimulii kwa watoto. Mkunga alimkaba kinyozi, kinyozi akamkata mpishi, mpishi akamwaga mafuta ya moto bila kubagua. Jioni ilipofika, makaburi ndiyo yaliyoshinda. Siku hiyohiyo yalipokea wageni kumi na tisa.

Magazeti yakaandika: Anwani Zazidi Kuwa Safi.

*

Sasa nije kwa Bi Sikudhani, maana najua ndiye mnayemsubiri.

Bi Sikudhani Mfaume alikuwa mama wa miaka sitini na kitu, kutoka Magadini, kule kwenye kiwanda cha chumvi. Miaka mitatu nyuma vijana wa kiwandani waliomba glavu, kwa kuwa chumvi ilikuwa imewala mikono hadi mifupa inachungulia. Wakatumiwa kikosi cha Kapteni Lugendo. Walikufa saba, kwa hesabu ya siku ile. Taarifa ya serikali ikasema marehemu wote walifariki kwa kula chumvi nyingi, na mkubwa wao alikuwa na miaka ishirini na sita. Wa tatu kwenye orodha alikuwa Shomari, mtoto wa pekee wa Bi Sikudhani.

Mama huyu alikuwa na ukurasa mtandaoni. Majina saba, picha saba, na chini yake maneno: aliyemwona mwanangu siku ile, anitafute. Basi.

Alifika dirishani kwangu amebeba utepe wake umekunjwa ndani ya pindo la kanga. Nikauvuta. Mashujaa wa Kiwanda cha Chumvi.

"Bibi, hiki kifupi, wala hakihitaji panga," nikamwambia. "Umeninyima mazoezi."

"Mwanangu, mie nimeipenda sheria yenu hii."

Nikamtazama vizuri. Katika kazi yangu yote sikuwahi kusikia mtu anasema hivyo bila kushikiwa kitu mgongoni.

"Ile anwani ya zamani ilikuwa manamba matupu," akaendelea. "Kina mama wenzangu wengi hawajui kuandika. Nikiwapigia simu niwaambie waombe wajukuu wawafungulie, namba zinapotea njiani. Mmoja alifika kwenye ukurasa wa kuuza matairi, akalia pale akidhani ndipo mwanawe alipoandikwa. Sasa nitawaambia kwa mdomo tu: mashujaa, wa, kiwanda, cha, chumvi. Hata kipofu ataishika."

"Kumbe ni hilo tu?"

"Ni hilo tu. Wapo waliouawa siku ile ambao sijui majina yao. Mama zao wakiuona ukurasa, wataniambia. Nikifa mie kabla, nani atawaandika?"

Tausi akaingiza anwani huku akijifuta macho. Alisema ni vumbi la ngozi.

Siku mbili baadaye akaja Kapteni Lugendo mwenyewe, kifua kimejaa nishani hadi anatembea ameinama. Na yeye alikuwa na ukurasa, wa kikosi chake: picha za askari, saa ya kwanza kufyatua, saa ya mwisho kufyatua, na wimbo. Kichwa chake: Mashujaa wa Kiwanda cha Chumvi.

"Anwani hiyo ina mwenyewe," Tausi akasema.

"Mwenyewe nani?"

Kanali akamwonesha jina. Kapteni akalisoma, akalisoma tena. Kanali akasugua mikono kwa furaha, akaniambia, "Mbaruku, kachore chokaa."

*

Watu walijaa hadi juu ya miembe ya jirani. Televisheni ilikuwepo. Rais alikuwa anaangalia akiwa Ikulu, na kila mtu alikaa kama anayeangaliwa.

Bi Sikudhani aliingia kwenye mraba bila viatu. Alijifunga kanga kiunoni, akasimama katikati. Hakukunja ngumi. Alianza kutaja majina, moja baada ya jingine, kama mwalimu anayeita mahudhurio. Alipofika kwa Shomari alikaza fundo la kanga, halafu akaendelea.

Nikapiga kengele ya kuanza.

Kapteni Lugendo akasogea hatua moja. Akasimama.

"Kanali, simpigi."

"Unasemaje?"

"Huyu ni rika la mama yangu. Na mama yangu anaangalia. Nikimpiga nitapata laana."

"Lugendo! Mtu aliyeua saba anaogopa bibi mmoja?"

"Wale walikuwa mita mia moja, afande. Na walikuwa wanakimbia. Mita mia moja ni kazi. Huyu ananitazama."

"Nitazame, mwanangu," Bi Sikudhani akamwambia. "Siku ile wa tatu kushoto alikuwa na fulana ya kijani. Ulimwona?"

Kapteni akaangalia buti zake. Watu wakaanza kunong'ona, na minong'ono kwetu ni kosa la kundi. Simu ya Kanali ikalia. Akasikiliza huku amesimama wima, akasema "ndiyo Mheshimiwa" mara nne, akaikata. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu.

"Kanuni inaruhusu mwakilishi," akatangaza. Akageuza kichwa, akaangalia kushoto, akaangalia kulia, kisha macho yake yakatulia upande niliokuwa nimesimama mimi.

Hapo ndipo lilipotokea vumbi.

Nasema vumbi, kwa kuwa lilikuwepo. Upepo ulivuma ghafla kutoka upande wa kaskazini, au labda kusini, na uwanja ule ni wa udongo mwekundu. Sikuona kitu. Nilisikia tu kengele ikilia mara moja, mlio mfupi, mzito, kama kengele iliyofunikwa na nguo. Vumbi lilipotulia, Bi Sikudhani alikuwa chini, chali, damu inamshuka kutoka kwenye paji la uso inaingia kwenye nywele nyeupe. Nami nilikuwa nimesimama karibu yake na kengele mkononi. Mpiga kengele ulitaka ashike nini? Chapati?

Kapteni alitapika juu ya nishani zake. Akatangazwa mshindi.

Bi Sikudhani alifumbua macho baada ya muda. "Nimeanguka?"

Nikamjibu mimi. "Umeanguka, bibi."

Akanitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyo lazima. "Basi niandikieni hiyo ya pili."

Kanali akacheka hadi akashika mbavu. Tukamchora mbili mgongoni kwa lami ya moto. Ngozi ililia, mwenyewe hakulia. Akaondoka.

*

Serikali ikafanya sherehe. Anwani ya Kapteni ikabandikwa kwenye kila nguzo ya umeme. Watoto wa shule waliimba kila asubuhi: mashujaa, kistari, wa, kistari, kiwanda, kistari, cha, kistari, chumvi! Aliyekosa kistari alichapwa kiboko kimoja kwa kila kistari. Ndani ya wiki tatu hapakuwa na mtu nchini, mzima wala mgonjwa, asiyeijua anwani ile kwa moyo. Waliitaja hata usingizini.

Na Bi Sikudhani, akiwa na bandeji kichwani, alikwenda kwenye msiba mmoja Magadini, akakaa mkekani na kina mama, akasema sentensi moja: "Ule wimbo wa watoto mnaujua? Mwishoni ongezeni mbili."

We acha tu! Kilichofuata sijawahi kukiona. Mama mmoja akamwomba mjukuu, akaongeza mbili, akamkuta mwanawe. Akapiga yowe, akampigia dada yake. Majina saba yakawa tisa. Yakawa kumi na tatu. Mwisho wa mwezi yalikuwa kumi na tisa, na kila jina lina picha na mama yake.

Halafu watu wakanogewa. Wakaanza kuongeza mbili kwenye kila anwani waliyoijua. Kwenye ukurasa wa hospitali kuu waliongeza mbili wakakuta habari za muuguzi aliyefukuzwa kwa kusema dawa hakuna. Kwenye hotuba ya Rais waliongeza mbili wakakuta hotuba hiyohiyo, imeandikwa na kijana aliyeitunga kabla hajaibiwa na kufungwa. Nchi yetu ikawa na desturi mpya: ya kwanza unaisoma ukiwa mbele ya askari, ya pili unaisoma ukiwa na akili zako. Wakubwa nao wakashtuka kwamba wao hakuna anayewasoma. Waziri Kihogo alipopambana na mwalimu mmoja wa chekechea, alijilaza chali kabla sijagusa kengele, akaanza kulia, "Nimeanguka! Nipeni mbili yangu!"

Serikali ikapambana na namba yenyewe. Sokoni ukahesabu moja, tatu, nne. Mapacha wakizaliwa, aliyetangulia alikuwa wa kwanza, mwenzake wa tatu, na mama yao alihojiwa kuhusu aliyekosekana. Mwalimu wa hesabu alivunjwa mikono yote, tuseme mkono wa kwanza na wa tatu, kwa kumwuliza mtoto moja na moja ni ngapi. Mtoto alisema hajui, akapewa zawadi.

Kanali akamwendea Tausi. "Futa zote zenye mbili. Leo."

"Nyayo bado zinaniuma, Kanali. Zikiuma nasahau pa kubonyeza."

"Nitakuchapa tena!"

"Nitasahau zaidi."

Kanali akachukua panga, akaishambulia kompyuta mwenyewe. Alikata skrini, akakata waya, akakata waya mwingine ambao haukupaswa kukatwa na mtu aliyeloa jasho. Tulimzika Alhamisi. Kurasa zilibaki, kwa sababu kumbe hazikuwa zinakaa ndani ya kompyuta ile. Tausi alijua hilo tangu mwanzo. Hakuna aliyemwuliza.

*

Basi ikaundwa Tume ya Kuchunguza Vumbi, itafute ni nani hasa aliyempiga Bi Sikudhani. Mabadiliko yalikuwa yanakuja, na kila mtu alikuwa anatafuta mtu wa kumtanguliza kwenye lawama. Kanali amekufa. Kapteni alikimbilia kwa mama yake, mama yake akafunga mlango. Nikabaki mimi.

Ndiyo maana nimefungua ukurasa huu unaousoma. Mtaani kote nimepita nikisema, kwa kinyozi, kwa muuza mihogo, mbele ya tume yenyewe: sijawahi kumpiga mtu, kengele ilibonyea ngazini. Sasa nimeliandika, nikalipa kichwa chake, nikasajili anwani safi kabisa: sijawahi-kumpiga-mtu. Herufi ndogo, vistari viwili, haina alama ya kuuliza.

Nilikuwa nimemaliza hapo. Nimeongeza haya ya chini kwa kuwa mtayakuta tu wenyewe.

Leo asubuhi Tausi amepita nyumbani na mkongojo wake. Nilikuwa uani, naisugua kengele kwa majivu na ndimu.

"Kaka Mbaruku, nimesoma ukurasa wako. Umeandika vizuri, umenichekesha. Pale kwenye nyayo zangu hukunichekesha."

"Asante, dada. Tume nayo itasoma?"

"Tume imeshasoma. Wewe umejaribu kuongeza mbili?"

"Mbili ya nini? Kichwa hiki ni cha kwangu, nani mwingine atakuwa nacho?"

"Bi Sikudhani alikuja dirishani juzi na utepe wake. Nikamwambia bibi, kimefanana na cha Mbaruku. Akasema anajua, kila mtu sokoni anamwambia unavyosema. Nikamwuliza kama anataka mpambane. Akasema hapana, mie nipe ya pili."

Akanipa simu. Vidole vyangu vilikuwa na majivu, vikateleza. Nikaongeza kistari. Nikaongeza mbili.

Ukurasa una picha moja tu. Ni paji la uso la Bi Sikudhani, amelisogeza karibu na kamera, nywele amezirudisha nyuma. Katikati kuna kovu lililopinda kama mwezi mchanga, limeingia ndani kiasi cha kuweka kidole. Nikaitazama kengele magotini kwangu. Ukingo wake una bonyeo, limepinda kama mwezi mchanga.

Chini ya picha ameandika:

"Siku ile hapakuwa na upepo. Kanga yangu haikutikisika, angalieni picha za televisheni. Mbaruku mwanangu, ile ngazi unayoisema ni hii hapa."